Kichwa Ambacho Hatukukinyoa

Nilinyoosha mkono kanisani kwa sababu benchi letu lote lilikuwa limenyoosha. Mchungaji alikuwa ameuliza ni nani kati yetu vijana yuko tayari kwenda Hayes, magharibi mwa London, kila Jumamosi, kuwahudumia wakimbizi waliowekwa kwenye hoteli moja huko karibu na uwanja wa ndege. Mikono ikapanda. Kisha akaongeza kwamba gari litakuwa linaondoka Lewisham saa moja asubuhi, na mikono ikaanza kushuka. Wangu ulichelewa. Si kwamba nilikuwa na moyo kuliko wenzangu. Mimi huchelewa katika kila jambo linalofanywa mbele ya watu. Nilipokuja kuushusha, mchungaji alikuwa ameshaniona na kanisa zima linasema amina.

Nyumbani nikamwambia mama kwamba nimekosea.

"Umekosea nini?"

"Kunyoosha mkono."

"Hilo si kosa. Jumamosi utaamka."

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama alikuwa amenileta kutoka Nakuru nilipomaliza kidato cha pili, na shuleni London walidhani sijui Kiingereza. Nilikijua. Kilichonishinda ni kufungua mdomo. Yote niliyopaswa kusema mchana niliyaandika jioni kwenye shajara, pamoja na majibu makali ambayo hayakumfikia mtu yeyote. Usiku wa Ijumaa ile niliandika kwamba kama ni kwenda, basi sitakuwa mtu wa kwenda mara mbili halafu kila wikendi naumwa kichwa. Nilimwomba Mungu anipe kazi ya jikoni.

Kiongozi wa huduma alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita wateja. Kabla ya kuja Uingereza kutunza wazee alikuwa na saluni yake Thika. Sote vijana tulimwita Anti. Siku ya kwanza alinikuta nyuma ya birika la umeme kwenye ukumbi wa kulia wa hoteli.

"Wewe, mbona umejibanza hapo kama paka?"

"Ninaosha vikombe, Anti."

"Vikombe vina mashine yake. Toka. Hawa wengi ni Wakongo, Kiswahili wanakijua, na wenzako hapa wakisalimiwa Kiswahili wanajibu Kiingereza. Nenda ukae na yule mama wa dirishani. Hakuna anayekaa naye."

Mama wa dirishani alikuwa na kilemba cha kitenge kilichovimba juu ya kichwa kama mzigo. Alikuwa akinywa chai kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akijikuna chini ya kilemba kwa mpini wa kijiko. Nilimwamkia, nikaketi, nikaangalia meza. Aliniuliza wazazi wangu kama hawajambo, nikasema hawajambo. Akaniuliza shule, nikasema nzuri. Halafu tukanyamaza wote wawili, ndege zikipita juu ya paa moja baada ya nyingine, na niliona kwamba kunyamaza hakumsumbui. Hilo lilinifanya nimpende.

Anti ndiye aliyenieleza habari zake tulipokuwa tukikunja meza. Mama yule alitoka Bukavu. Alikuwa amesukwa rasta kabla ya kukimbia, na katika miezi yote ya safari hazikufumuliwa. Nywele mpya ziliota, zikajisokota na zile za kuongezea, zikawa kitu kimoja kigumu kama kamba ya katani iliyolowa ikakauka. Chini yake kulikuwa na vidonda. Nesi anayetembelea hoteli ile alijaribu kupaka dawa akashindwa kuifikia ngozi. Alisema atarudi Ijumaa ya likizo fupi ya shule, na kama nywele zitakuwa bado vile, hakuna njia nyingine, zitanyolewa, kwa sababu vidonda vimeanza kumpa homa.

"Basi si anyolewe tu," nikasema.

"Ndivyo na mimi ninavyosema," akajibu Anti. "Jumamosi ijayo nakuja na mashine. Nitamnyoa mwenyewe vizuri, asinyolewe na mtu asiyejua vichwa vyetu."

Nieleze hapa kwamba hatukuwa na ubaya wowote. Kwetu kunyolewa ni jambo dogo. Shule niliyosoma, msichana mwenye nywele ndefu kuliko ukucha alirudishwa nyumbani. Anti naye alisoma shule ya namna hiyo, na mama yangu pia. Msichana wa Kenya hunyolewa, akacheka na wenzake, na likizo ikifika nywele zikaota. Ndivyo tulivyofikiri, na Jumamosi iliyofuata Anti akaja na mashine ya kunyolea, mpya, ndani ya boksi lake, amelifunga na utepe wa zambarau kama zawadi ya harusi.

Aliiweka mezani mbele ya yule mama. Mimi nilikuwa nimekaa kando, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimejiandaa na sentensi ya kusema.

"Hata mimi nilinyolewa, mama," nikamwambia. "Shuleni. Zinaota tena."

Alilitazama boksi, kisha akanitazama mimi. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Wewe ulikuwa mwanafunzi," akasema. "Kwetu, mwanamuke mukubwa ananyolewa siku bwana yake anakufa. Bwana yangu hayakufa. Mukininyoa, mutakuwa mumenifanya mujane."

Anti aliondoa boksi mezani taratibu akaliweka chini, katikati ya miguu yake.

Yule mama akatueleza, kwa maneno machache. Walikuwa njiani na watu wengi. Mume wake akakumbuka kwamba mama yake mzazi amebaki nyuma na dada yake, akarudi kuwachukua. "Aliniambia nitangulie. Nimetangulia mpaka huku." Tangu siku ile hakupata habari. Wanawake wenzake wa Kongo pale hotelini walimhurumia, lakini walishamwambia akubali, anyoe, alie, aanze upya. Ndiyo maana hakutaka yeyote kati yao aguse kichwa chake. Ndiyo maana alikuwa akikaa dirishani peke yake.

Kisha akainuka, akashika kilemba chake, akapanda chumbani bila kumaliza chai.

Katika gari, njia nzima ya kurudi, Anti alikuwa akiongea. Alisema anamwonea huruma lakini hizo ni mila. Alisema sisi tumeokoka na tumaini letu haliko kichwani. Alisema vidonda vikiingia ndani zaidi atalazwa. Alisema nywele ni nywele tu.

Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Sijui sauti ilitoka wapi.

"Kama ni nywele tu, Anti, basi tumwachie zake."

Anti aligeuka kunitazama, mkanda ukamkaba shingoni.

"Leo umeongea," akasema. "Haya. Tumwachie vipi? Nesi anakuja Ijumaa."

"Nitazifumua."

"Wewe?"

"Ninajua kufumua."

"Mtoto, mimi nimeshika vichwa kabla hujazaliwa. Vile si vya kufumua. Vile ni vya kukata."

Lakini nilikuwa nimeshaamua. Hiyo ndiyo hali yangu mpaka leo: huchukua muda mrefu kuamua, na nikishaamua huwa nimechoka sana kuanza kufikiri upya.

Nyumbani nilimkuta mama yangu anakata sukuma wiki. Nilimweleza yote nikiwa nimeegemea friji, na yeye hakuacha kukata.

"Anti anasema haiwezekani," nikamalizia.

"Anti wenu ana haraka. Saluni ni haraka, mteja aondoke mwingine akae." Akafuta kisu. "Inawezekana. Lakini itakutoa machozi wewe kabla ya yeye. Unaanzia nchani, husogei juu mpaka pale chini pameachana. Shina unalikamata kwa vidole, ili ukivuta lisimvute ngozi. Mafuta, kondishena, na mkia wa kitana, si meno yake. Na palipo na kidonda unakwenda na vidole vitupu."

"Utakuja kunisaidia?"

"Niko zamu wiki nzima. Na si mimi niliyenyoosha mkono."

Alisema hivyo bila kucheka, lakini asubuhi nilikuta mezani chupa mbili kubwa za kondishena, kopo la mafuta ya nazi, na vitana vyake vizuri ambavyo siku zote alinikataza kugusa.

Likizo ikaanza. Anti alikataa niende Hayes peke yangu. Kanuni ya huduma ilikuwa kwamba aliye chini ya miaka kumi na minane haingii chumba cha mkimbizi na hakai na mkimbizi bila mtu mzima. Nilimwambia kwamba basi atakuwa yeye. Alisema ana kazi. Nikamwambia nitamngoja stesheni ya Lewisham saa anayotoka kazini, na nikamngoja. Alipotokea, bado na sare yake ya kazi, alinitazama nilivyobeba mfuko wa kondishena, akavuta pumzi.

"Umerithi kwa nani ubishi huu, na sura ya upole hivyo?"

Tulipanda treni mbili, tukatembea. Yule mama hakutaka kushuka. Nilimwandikia karatasi, mhudumu akampelekea: *Sikuja kunyoa. Nimekuja kufumua.* Akashuka.

Alifungua kilemba kwenye kona ya ukumbi wa kulia, mgongo akiwa ameupa ukuta, na mara moja nikaelewa kwa nini Anti alisema vile. Harufu ilikuja kwanza. Kisha nikaona kile kitu, kizito, kimelalia upande mmoja. Nilisali kimyakimya, sala fupi isiyo na adabu: Mungu, usiniache hapa. Nikachukua mafuta, nikaanzia nchani, upande wa kulia.

Saa ya kwanza nilipata kipande chenye upana wa kidole. Saa ya pili mhudumu wa ukumbi alikuja kusema, kwa upole, kwamba meza zinaandaliwa kwa chakula cha jioni na nywele haziwezi kuwa hapo. Alikuwa na haki. Chumbani siruhusiwi kuingia, na nje kulikuwa na mvua.

Anti ndiye aliyetupeleka ng'ambo ya barabara, kwenye duka la mashine za kufulia. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, kofia ya sufu kichwani, anasoma gazeti. Anti alianza kumweleza kwa Kiingereza, akachanganya na Kiswahili kwa wasiwasi, na mzee akashusha gazeti.

"Nyinyi watu wa wapi?"

"Thika. Huyu Nakuru. Mama huyu ni wa Kongo."

"Mimi Kisumu," akasema mzee. "Sasa nani ananyolewa?"

"Hakuna anayenyolewa," akasema Anti, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa, nami nikainamisha kichwa nisionekane nikicheka.

Mzee akatuonyesha benchi la mwisho, karibu na mashine za kukaushia, penye joto. "Kaeni. Lakini nywele msiniachie kwenye bomba."

Hapo ndipo tulipofanyia kazi wiki ile, mashine zikizunguka. Anti alikuwa akikaa pembeni akisinzia au akiangalia simu. Mimi nilisimama nyuma ya yule mama, na nyuma ya mtu nikagundua kwamba mimi si mwoga. Hakuna macho ya kutazamana nayo. Kuna kichwa tu, na kazi, na sauti inayokwenda mbele. Nilimuuliza mambo ambayo sijawahi kumuuliza mtu mzima yeyote. Nilimuuliza mume wake yukoje.

"Mufupi," akasema. "Anajifanya murefu. Anatengeneza radio. Nikijisuka nywele na uzi, yeye anashika ule uzi upande moja, anavuta. Kama mpira unachezwa kwenye radio anasahau, anaachilia, nywele yote inafunguka." Alikuwa akitabasamu, nilisikia kwenye sauti. "Namutukana. Anasema, mama, goli lilikuwa karibu."

Wakati mwingine nilinyamaza muda mrefu, nimezama kwenye fundo moja, naye akauliza, "Wewe mutoto, uko hapo nyuma ama umeenda?"

"Niko."

"Sema basi kitu."

"Sina cha kusema."

"Basi guna, nijue."

Nikawa naguna. Mzee wa Kisumu akasema hajawahi kuona saluni ya namna hii, mteja anaongea na msusi anaguna kama ng'ombe.

Mpaka Jumatano upande wa kulia na wa mbele ulikuwa umeachana. Nywele zake zilikuwa nyembamba na zimekatika hapa na pale, lakini zilikuwa nywele, zake, zinapitisha kitana. Vidole vyangu vilikuwa vimepasuka kwenye kucha. Kilichobaki ni kisogo, na kisogoni ndipo palipokuwa na vidonda.

Alhamisi nilimuumiza. Sijui jinsi ya kusema vingine. Kila nilipogusa alishtuka, mabega yakapanda. Alivumilia kwa saa nzima, akaacha kuongea, kisha akaanza kulia bila sauti. Niliona machozi yakidondokea mikononi mwake.

"Kata," akasema.

Anti aliinua kichwa kutoka kwenye simu. Alikuwa na mkasi kwenye mkoba, nilijua.

"Kata, mutoto. Nimechoka. Labda benye kusema nikubali bako na haki. Kata tu."

Nilisimama na kitana mkononi. Niseme kweli, nilikasirika, na hasira ile haikuwa nzuri. Nilikuwa nimetoa likizo yangu. Nilitaka kushinda. Ilinichukua muda kuona kwamba kichwa si changu, mume si wangu, na kwamba nikikataa kukata kwa ajili ya ushindi wangu nitakuwa mbaya kuliko mashine yenye utepe. Lakini pia sikutaka akatwe kwa sababu tu kondishena imeisha na mimi nina vidole vizito.

Nilifanya jambo ambalo huwa silifanyi. Nilizunguka, nikachuchumaa mbele yake, nikamtazama machoni.

"Mama, unataka nikate kwa sababu inauma, ama kwa sababu ya mume wako?"

Mashine moja ilimaliza kuzunguka ikalia. Hakuna aliyekwenda kuizima.

"Inauma," akasema mwishowe.

"Ni kuuma tu?"

"Ni kuuma tu. Yeye hapana. Yeye bado."

"Basi tupumzike. Ukisema tena kata, nitakata."

Mzee akaleta chai ya maziwa, nzito kwa tangawizi, bila kuulizwa. Tukanywa. Na tulipokuwa tukinywa, Anti akavua koti la kazi, akakunja mikono ya blauzi, akaenda kunawa kwenye sinki la nyuma mpaka kwenye viwiko.

"Sogea," akaniambia. "Unafinya. Kidonda hakifinywi, kinazungukwa. Wewe shika mashina, mimi nitachambua."

"Ulisema ni vya kukata, Anti."

"Nilisema. Shika mashina."

Sijawahi kuona vidole vinene vikienda taratibu namna ile. Alipaka mafuta pembeni ya kila kidonda, akaacha yalowe, akatoa unywele mmoja, mwingine. Aliongea muda wote, habari za saluni yake, wateja waliokuja na picha za magazeti wakitaka kichwa cha mtu mwingine, bibi harusi aliyesinzia chini ya draya. Yule mama alishtuka mara chache, na mara moja akacheka. Neno kata halikurudi. Kipande cha mwisho cha rasta ya zamani kilipotoka, Anti alikitazama, akakitupa kwenye pipa na kupangusa mikono kana kwamba amemaliza kuchambua mboga.

Ijumaa nesi alikuja. Nilikuwepo kutafsiri, na sauti yangu ilisikika, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Aligawa nywele kwa vidole vyenye glavu, akaona ngozi, akauliza nani amefanya kazi hii. Nilisema ni sisi. Alipaka dawa kwenye kila kidonda, akanionyesha jinsi ya kupaka, akasema zisisukwe mpaka ngozi ikauke, halafu zisukwe bila kukazwa. Kuhusu kunyoa hakusema kitu. Yule mama alinivuta mkono.

"Amesema nini ju ya kunyoa?"

"Hakuna, mama. Hakusema."

"Mwulize."

Nikamuuliza. Nesi akatikisa kichwa, na hilo halikuhitaji kutafsiriwa.

Ngozi ilipokauka nilimsuka matuta manne makubwa, marahisi, yaliyolegea. Alitoka nayo mpaka nje ya hoteli bila kilemba, akasimama kwenye ukuta mweupe, akaniambia nimpige picha. Alitaka ipelekwe kwa ndugu wa kanisa moja Bujumbura ambao huonyesha picha kwa watu wanaovuka mpaka kutoka Kongo, huenda mume wake akaonekana. Nilimpiga moja, akaitazama, akasema masikio yametokea, nipige nyingine. Anti aliituma yeye mwenyewe.

Mpaka ninapoandika haya hakuna jibu. Wenzake hotelini bado wanamwambia akubali, na yeye bado anawajibu kwamba bado. Mimi sijui nani mwenye haki, na nimeacha kujiuliza ninapokuwa na kitana mkononi. Matuta hulegea baada ya muda. Yakilegea ananipigia simu, anasema tu, "Mutoto, zimefunguka," nami ninapanda treni zile mbili na Anti, ninasimama nyuma yake, ninafumua ya zamani, ninasuka mapya.